Safari ya Kwenda Kwenye Nyuzi

Niliporudi Songea kutoka Tunduru nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, begi moja, na tabia ya kutokukaa mahali. Tunduru nilikwenda kama walivyokwenda wengi, kufuata vito vilivyokuwa vikitajwa kila kijiwe, nikaishia kuwauzia chai wachimbaji. Jiwe sikupata. Nilipata malaria na marafiki, na marafiki wenyewe siku hizi siwajui walipo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mwenye chumba kinachotazama barabara alitoboa ukuta wa mbele, akaweka meza na kuanza kuuza kitu. Pale Majengo mama mmoja alikuwa amefungua duka la kupiga chapa, na mimi, kwa kuwa niliwahi kujifunza taipu shuleni, nikawekwa mbele ya mashine iliyokuwa nzito kama kinu. Nilichapa barua za kuomba kazi, katiba za vikundi, kadi za harusi, shukrani za misiba. Chumba cha jirani kilikuwa na muuza mitumba kutoka pwani ya kusini, Mwislamu mwenye maneno mengi, ambaye alipokosa wateja alihamia kwetu kusimamia kazi isiyomhusu.

Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mgeni. Alisema, "Dada, unaletewa mteja anayeogopa baridi ya kwao." Aliyeingia alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Ilikuwa Juni, na Juni ya Songea inajulikana, lakini mzaliwa havai sweta mbili. Aliniuliza kama ninaweza kuchapa Kiswahili chenye hesabu ndani yake. Nikamwambia ninachapa chochote kinacholipiwa. Akacheka, akaweka mezani karatasi alizoziandika kwa mkono.

Sentensi ya kwanza bado ninaikumbuka: "Ulimwengu huu, ukiupasua mpaka kwenye kitu kidogo kuliko vyote, huenda ni nyuzi zinazotikisika."

Alikuwa mwanafizikia. Si wa kufundisha tu, bali wa zile hesabu zinazotafuta dunia imeundwaje mwisho kabisa, na chuo alichofanyia kazi kilikuwa Ulaya. Nyumbani kwao kulikuwa kijiji kimoja mbele ya Peramiho. Shule alianzia huko huko Peramiho kwa wamisionari, kisha Dar es Salaam, kisha nje, na nje akakaa. Mtaani wakamwita Profesa kabla hajajitambulisha, na yeye akakubali kwa kuwa hakuna jina lingine alilopewa.

Kitabu chake kilikuwa utangulizi wa nadharia ya nyuzi kwa watu wenye udadisi ambao hawakusoma fizikia. Lakini msomaji aliyemtaka hasa alikuwa mmoja. Siku utepe wa mashine ulipokatika na ikabidi tungoje, alinieleza. Mama yake alikuwa mzee sana sasa, akiishi na dada yake Profesa pale kijijini. Miaka yote alikuwa akimwacha mwanawe aende na kurudi bila kuuliza. Safari hii alikuwa amemwambia kwamba hataondoka mpaka yeye mama ajue anakwenda kufanya nini huko. Hakusema kwa hasira. Alisema huku akipepeta maharage. Likizo ilikuwa inaelekea ukingoni, tiketi ilikuwa tayari, na Profesa alijua kabisa kwamba angeweza kuondoka bila ruhusa hiyo. Alijua pia kwamba, kwa umri wa mama, angekuwa amemwacha kwa mara ya mwisho akiwa hana radhi naye. Ndiyo maana aliandika kila asubuhi na kuniletea kila mchana.

Akanipa kazi ya pili juu ya ile ya kuchapa. "Ukifika mahali usipoelewa, acha kupiga," alisema. "Usinionee haya."

Nikaacha mara nyingi sana. Kwa mfano aliandika kwamba uzi mmoja, kwa kubadili mtikisiko wake tu, unaweza kuwa chembe hii au chembe ile. Nikaacha. Akaomba kamba. Mwenye duka akatoa ya kuanikia nguo, Profesa akafunga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, akanipa ncha nyingine, akaniambia nitikise polepole. Kamba yote ikapanda na kushuka pamoja, kama mgongo mmoja. Nikaongeza kasi, ikajigawa, migongo ikawa miwili, katikati pametulia. Nikaongeza tena, ikawa mitatu.

"Kamba imebadilika?" aliuliza.

Nikasema kamba ni ile ile.

"Basi. Mgongo mmoja, mwite elektroni. Miwili, mwite kitu kingine. Sisi tulidhani ulimwengu una vitu vya aina nyingi. Huenda kitu ni cha aina moja, kinacheza ngoma tofauti."

Muuza mitumba alikuwa ameshika mlango. Alitaka kujua kama ule ni mtego wa wezi au tunaruka kamba, na kama tunaruka, mbona yeye hakualikwa. Alipoelezwa, alifikiri kidogo, akasema kwamba Mwenyezi Mungu hashindwi. Kisha akachungulia karatasi iliyokuwa kwenye mashine. "Lakini Profesa, mtu umesoma mpaka nywele zimepungua, bado unaandika huenda? Mimi nikimwambia mteja shati hili huenda ni zima, atanunua?"

Profesa alisema kama shati liko ndani ya robota la mitumba na robota halijafunguliwa, muuzaji mwaminifu atasema huenda.

"Muuzaji mwaminifu atakufa njaa," akajibu jirani yetu, akarudi kwake akiwa ameridhika.

Lile neno lilikuwa kila ukurasa. Nilizoea kulipiga bila kutazama. Alinieleza kwamba wenzake walizipenda zile nyuzi kwa sababu moja hasa: katika mitikisiko yote ambayo hesabu iliitoa, mmoja ulikuwa na tabia zile zile za nguvu inayotuvuta chini, inayoangusha embe na kuushika mwezi. Hawakuuweka humo, waliukuta. Miaka mingi watu walikuwa wameshindwa kuiunganisha nguvu hiyo na zile nyingine zinazotawala vitu vidogo, na hapa ilijitokeza yenyewe, kama ndugu anayefika msibani bila kuitwa. Alipolisema hilo alivua sweta moja.

Mahali pengine nilipoacha ni pale alipodai kwamba hesabu hizo hazikubali mpaka ulimwengu uwe na pande nyingi kupita hizi tatu tunazozijua: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Zilizobaki, alisema, huenda zimejikunja mno hata hatuzioni. Alikuwa ameweka mfano wa mpira wa kumwagilia bustani. Nikamuuliza kama mama yake ana mpira wa bustani. Kesho yake alikuja na nyasi za paa, ameziweka mfukoni. "Ukiwa juu ya mlima wa kwetu," alisema, "nyumba yetu unaiona paa tu, bapa. Ukisogea, unaona nyasi. Ukivunja unyasi mmoja, una tundu ndani, na humo kuna mdudu anayetembea, ana mbele yake na nyuma yake. Kwa yule aliye mlimani hiyo njia ya mdudu haipo." Mfano huo nikauchapa bila kusimama.

Sura tatu za kwanza zilipokamilika aliniomba twende wote kijijini. Alisema mimi ninajua kusoma kwa sauti na yeye sauti yake ikifika mbele ya mama inakauka. Tukapanda gari la Peramiho asubuhi, kisha tukatembea.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, ungo miguuni. Nilimpigia magoti, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mjukuu wangu, kisha akaniuliza kwa Kingoni mimi ni wa ukoo gani, na nilipomtajia akasema aliwajua babu zangu na kwamba walikuwa watu wa kutembea. Dada yake Profesa, mama mnene mwenye utani, alituletea togwa na kutuambia tusome haraka kabla maharage hayajaungua.

Nikasoma. Nilisoma vizuri, hilo nalisema mwenyewe. Nilianzia palepale kitabu kilipoanzia, ulimwengu ukipasuliwa mpaka kwenye nyuzi, nikaenda mpaka kwenye nyasi za paa. Mama alisikiliza mikono ikiwa imetulia, kama mtu anayesikiliza somo kanisani. Nilipofunga karatasi akasema, "Nimesikia."

Akarudi kwenye ungo wake.

Mtu wa mbali angefurahi. Lakini kwetu neno hilo, likisemwa hivyo na mzee, halina maana ya kwamba ameelewa wala kwamba amekubali. Linafunga mlango kwa adabu. Profesa alilijua. Tulikunywa togwa, tukazungumzia mahindi, dada yake akatania kwamba nyuzi zote hizo na sweta ya kaka yake imetoboka kiwikoni. Hakuna aliyetaja ruhusa.

Tukaanza kutembea kurudi Peramiho. Njiani Profesa akaanza kuhesabu makosa ya kitabu: sentensi ni ndefu, mifano ni mingi, neno chembe halikuelezwa mapema. Mimi nilikuwa nafikiria jambo lingine. Nilikuwa nafikiria nilivyopokewa na bibi yangu niliporudi kutoka Tunduru.

Kwa watu wa pale nyumbani, msafiri akifika hasemeshwi sana. Anapewa maji, anapewa chakula, anaachwa. Halafu wenyeji wanakaa, na mkubwa anasema, lete habari. Hapo msafiri anaanza mahali alipotokea, siku aliyoondoka, nani alimsindikiza, gari liliharibika wapi, alilala kwa nani, alikula nini. Haruki kituo. Yule anayepokea anaitikia "ee" kila kituo, na haulizi mpaka mwisho. Msafiri anamaliza kwa kusema habari ndizo hizo. Mpaka aseme hayo, anahesabiwa bado yuko njiani, hata kama amelala pale wiki nzima. Mimi bibi yangu alinikalisha hata kwa ajili ya ile chai niliyouza, na aliitikia kila birika.

Nikamuuliza Profesa kama mama yake aliwahi kumwambia alete habari.

"Kila nikija," alisema.

"Ukasema nini?"

"Nilisema nzuri, mama. Za huko nzuri tu." Alitembea kidogo. "Ningesemaje? Mara ya kwanza nilitaka kuanza, nikaona kituo cha tatu tu sina neno la kukiita. Nikaona bora nisimchoshe."

Nikamwambia kwamba kama ni hivyo, basi mama yake hajawahi kumpokea. Tangu alipoondoka mara ya kwanza, mwanawe yuko njiani, anapita barazani na kuendelea. Leo tumemletea mwisho wa safari bila njia yake. Nilishangaa mwenyewe kusema vile kwa mtu aliyesoma kiasi kile, lakini hakukasirika. Alisimama katikati ya barabara, akatoa miwani na kuifuta kwa sweta iliyotoboka. Alisema jambo hilo analijua tangu utoto, na ndiyo maana linamtia haya.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulirudi. Safari hii karatasi zilibaki dukani. Mama alikuwa anapukuchua mahindi, na dada yake Profesa akanipa mahindi yangu nami nipukuchue, kwa kuwa mgeni wa mara ya pili si mgeni. Tulikula kwanza, ugali na dagaa wa Nyasa. Kisha Profesa akavuta kigoda, akaketi mbele ya mama yake, chini yake kidogo, akasema, "Mama, nimekuja kutoa habari."

Mama aliendelea kupukuchua. "Lete."

Akaanza na asubuhi ile baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alipomsindikiza mpaka Peramiho, sanduku la mbao kichwani. Ee. Akaeleza bweni, uji, baridi, mwalimu aliyewapa punje ya chumvi na kuwaambia waisage mpaka isisagike tena. Walisaga mpaka kengele ikalia. Mwalimu akawaambia kwamba hata vumbi lile lina vipande ndani yake, vidogo kupita jicho, vinavyoitwa atomi. Ee, akasema mama, kama vile mwanawe ametaja kituo cha Makambako.

Akapanda basi kwenda Dar es Salaam, akaeleza mlima walipolala na tairi lililopasuka. Huko Dar akakuta kwamba atomi si mwisho. Ndani yake mna kiini, na kandokando ya kiini mna elektroni, na kati yao ni uwazi mtupu. "Kama kijiji na mashamba ya mbali," alisema. Ee. Akapanda ndege, akaeleza theluji, na mwenye nyumba aliyemfundisha kuvaa soksi mbili. Huko akakuta kiini nacho kina protoni na nyutroni, na ndani ya hizo mna vitu vinavyoitwa kwaki, ambavyo hutembea kwa makundi na havionekani kimoja peke yake. Dada yake akanong'ona kwamba hao ni kama wanawake wa mtaa wa Lizaboni wakienda sokoni. Mama akamtazama.

Halafu akafika kwenye chumba kimoja chenye ubao, watu wachache wameketi, mmoja wao anachora, na kile anachochora si nukta tena bali ni uzi mfupi, mwingine umefunga duara. Profesa alichukua punje moja ya hindi kwenye ungo. Alisema kile kiini cha atomi, ambacho tayari ni kidogo kupita maneno, kama kingekuzwa mpaka upana wake uwe kama kutoka hapa barazani hadi nyota mojawapo ya mbali tunazoziona kwa macho, basi uzi nao ukikuzwa vivyo hivyo ungekuwa kama punje hii.

Mama aliitazama punje. Hakusema ee.

"Umeziona hizo nyuzi?" aliuliza.

Ilikuwa kinyume cha desturi, habari zilikuwa hazijafungwa. Profesa akasema hapana. Hakuna aliyeziona. Hakuna chombo cha kuzionea, na huenda asizaliwe wa kukiunda.

"Nani anazitikisa?"

"Hatikisi mtu, mama. Kitu kidogo kiasi hicho hakiwezi kutulia kabisa. Hata ukikinyima kila kitu, kinacheza."

"Kama wewe tumboni," mama alisema, na dada yake akacheka mpaka akashika nguzo.

Kisha sote tukangoja. Tulingoja yale maneno ya kufungia, habari ndizo hizo. Profesa alifungua mdomo. Nilimwona akiyatafuta, akiyapata, na akishindwa kuyatoa kwa sababu si kweli. Yule aliyejaza karatasi zangu kwa neno la huenda, hangeweza kumwambia mama yake kwamba amefika.

"Mama," alisema, "siwezi kusema habari ndizo hizo. Sijafika."

Mama aliweka gunzi chini. Alipangusa mikono kwenye kanga, taratibu, mmoja kisha mwingine.

"Nimeona," alisema. "Umefika katikati ya njia, ukarudi kunisalimu. Miaka yote mimi nilidhani umeshafika, umejenga huko, unanificha. Msafiri ambaye hajafika hatuliwi mzigo, mwanangu. Nenda." Kisha akamgeukia binti yake. "Mkaangie kuku wa njiani. Yule mweupe."

Dada akauliza kwa nini mweupe, anayetaga. Mama akasema ndiyo maana.

Profesa alibaki kwenye kigoda, mikono magotini, ile punje bado iko kwenye kiganja. Alipotaka kuirudisha kwenye ungo mama akamzuia, akamwambia aende nayo, na akirudi aanzie hapo, asianze tena Peramiho, kwa kuwa hapo nyuma yeye ameshapokea.

Kitabu alikibadili kabla ya kuondoka. Ile sentensi ya kwanza ikahamia karibu na mwisho, na mahali pake akaweka wavulana wanaosaga chumvi. Sura ya mwisho nilipoichapa ilikuwa fupi na haikuwa na hitimisho. Muuza mitumba aliisoma yote akiwa amesimama, akasema angalau mtu huyu haogopi kufa njaa. Profesa aliondoka na basi la alfajiri. Kuku alikuwa amefungwa kwenye majani ya mgomba, na stendi nzima ilijua.

Mimi nami sikukaa. Mwaka haukupita nikawa Mbinga, kisha Mbeya, kisha miji mingine ambayo nikiitaja yote nitachosha. Lakini kabla sijahama nilikwenda kumuaga yule mama. Nilimkuta palepale, ungo miguuni, macho yamepungua. Alinipa maji, akanipa chakula, akaniacha. Kisha akaniuliza kama nina habari za mwanawe, nikasema sina.

"Basi nikumbushe," alisema. "Tulimfikisha wapi?"

Nikavuta kigoda. Nikamwambia tulimfikisha kwenye chumba chenye ubao, ambapo mtu anachora uzi uliofunga duara, mdogo kupita jicho na kupita chombo, ambao hautulii.

"Ee," alisema, akaendelea kupepeta.